Ukweli wa Kitu Kilichofufuliwa

Mtu akitengeneza kitu kilichoharibika hutenda moja la mambo mawili. Ama hukirudishia kitu hicho nguvu ya kufanya kazi yake, ama hukirudishia sura tu ili macho ya watu yaridhike. Mambo haya hufanana sana kwa nje. Huweza kutendwa kwa mkono mmoja, kwa rangi moja, na katika siku moja. Lakini la kwanza ni utengenezaji, na la pili ni udanganyifu. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji, ni hili: mpaka baina yake uko wapi? Nitalieleza kwa habari za pikipiki moja ya kale, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha, na kwa sababu chuma hakina maneno matamu ya kujitetea.

Pikipiki yenyewe ni BSA Bantam, iliyoundwa katika mji wa Birmingham, Uingereza. Kiwanda kilianza kuunda pikipiki za jina hilo mwaka 1948 kikaendelea mpaka mwaka 1971. Babu yangu, aliyekuwa mwalimu katika milima ya Taita, aliinunua mwaka 1964, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Kwa muda wa miaka mingi ilimshusha kutoka Wundanyi, kupitia Mwatate, hadi Voi, ikampandisha tena, na madaftari ya wanafunzi yamefungwa nyuma yake. Alipofariki iliwekwa katika kibanda cha kuni. Kuku wakataga mayai chini yake, na kutu ikaila polepole, bila kelele, kama ilivyo desturi ya kutu.

Nyanya yangu ndiye aliyekuwa mwenye mali hiyo. Paa la nyumba yake lilikuwa limechakaa, na kila mvua za vuli ziliponyesha alizunguka usiku na sufuria kukinga matone. Siku moja akaniambia, "Mjukuu wangu, kama chuma kile chaweza kugeuka mabati, kitengeneze, tukiuze." Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Haikuanza kwa mapenzi ya vitu vya kale, bali kwa haja ya paa.

Kabla ya kuendelea, yafaa ujue injini ya namna hii hufanyaje kazi, maana bila kulijua hilo hutaelewa mafundisho yake. Ni injini ya mapigo mawili. Kila krenki inapozunguka mara moja, moto huwaka mara moja juu ya pistoni. Haina vali za kufunguka na kufungika. Pistoni yenyewe, katika kupanda na kushuka kwake, hufunua na kufunika matundu yaliyomo katika ukuta wa silinda. Hewa iliyochanganyika na petroli huingia kwanza tumboni mwa injini, palipo na krenki. Pistoni ishukapo huikandamiza hewa hiyo, ikapanda kwa njia za pembeni hadi juu ya pistoni, huko iungue. Na kwa kuwa tumbo hilo ni njia ya hewa, haliwezi kuwekwa oili ya kukaa kama katika injini nyingine. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Katika mashine za kale za aina hii, sehemu 1 ya oili kwa sehemu 20 au 25 za petroli. Kwa hiyo injini hunywa chakula chake na dawa yake katika kikombe kimoja. Atakayesahau dawa ataiua.

Moshi wake sitausifu. Tundu la kuingizia na tundu la kutolea huwa wazi kwa pamoja kwa muda mfupi, na sehemu ya petroli hutoka bila kuungua. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya injini za mapigo manne kushika nafasi yake. Na bodaboda nyingi tuzionazo barabarani leo ni za mapigo manne. Sisemi basi kwamba cha kale ni bora kwa kuwa ni cha kale. Nasema tu kwamba kitu chochote, kiwe bora au hafifu, chaweza kutendewa kwa haki au kwa hila.

Nilianza kwa kufungua. Nikachukua makopo tupu, kila kopo nikaliandika jina la mahali nati na bolti zake zilipotoka, kwa maana nilijua kwamba mtu huamini kumbukumbu yake wakati wa kufungua, akailaumu wakati wa kufunga. Tangi lilikuwa na kutu ndani. Nikatia siki na kokoto ndogo, nikalitikisa jioni baada ya jioni hata maji yakatoka meupe. Bolti moja ya silinda ilikuwa imeshika. Fundi mmoja wa jirani alinishauri niitie oili na kuipasha moto kidogo, kisha niiache siku tatu. Siku ya pili nikaona nimengoja vya kutosha, nikaweka spana na kuivuta kwa nguvu zangu zote. Ikakatika. Saa moja ya pupa ikanigharimu majuma mawili ya kuitoboa kwa uangalifu. Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nilikuwa nikiwafundisha wengine, lakini siku hiyo nilijifunza mimi.

Kisha nikafika kwenye jambo la kwanza lililonifanya nifikiri. Pande zote mbili za krenki zimo pete laini ziitwazo sili. Kazi yake ni kuzuia hewa isipite, maana tumbo la injini likivuja, hewa ya nje huingia na kupunguza nguvu ya mchanganyiko; pistoni hupata joto lisilo na kiasi, hata huweza kutoboka. Sili zikisha fungiwa ndani hakuna azionaye. Zangu zilikuwa zimekauka kwa miaka mingi. Lakini zilikuwa nzima kwa kutazamwa, na injini ingewaka nazo. Mnunuzi angeisikia ikinguruma uani, angeridhika, angelipa. Hasara ingemfika baadaye, mbali na macho yangu, katika mlima fulani, siku ya jua kali.

Hapo nikaona kwamba sehemu kubwa ya uaminifu wa kazi imo mahali pasipoonekana. Rangi ya tangi hutetewa na macho ya watu wote. Sili haina mtetezi isipokuwa dhamiri ya aliyeifunga. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza kwamba vimeundwa na watu waliofanya vema upande ule ulio chini ya maji, ambako abiria hatazami. Nikanunua sili mpya.

Baada ya sili nikabadilisha ringi za pistoni, beringi, waya za breki, tairi, na nyaya zote za taa. Kila nilipoweka kipya, rundo la vitu vya zamani katika pembe ya kibanda liliongezeka. Jioni moja nikalitazama rundo lile, nikatazama na pikipiki, nikajiuliza: ya babu ni ipi sasa? Ni hii inayosimama, au ni ile iliyo chini?

Swali hili si geni. Plutarch, mwandishi wa kale wa Uyunani, alieleza habari za merikebu ya Theseus ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kutia mwingine, hata wenye hekima wakabishana kama ni merikebu ile ile au siyo. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwulize nahodha wa Lamu kuhusu jahazi aliloachiwa na baba yake. Mbao zimebadilishwa, tanga limebadilishwa, mlingoti umebadilishwa, naye bado atakuambia, "Hili ni jahazi la baba." Mkulima naye huweka mpini mpya katika jembe la mama yake, na baadaye jembe jipya katika mpini ule, wala hasemi kwamba amelipoteza jembe la mama.

Je, watu hawa wanasema uongo? Sidhani. Kwa maana kitu cha kazi hakifanywi kuwa kimoja na mata yake peke yake. Hufanywa kuwa kimoja na kazi isiyokatika, na mikono iliyokitunza moja baada ya nyingine, na habari zake zinazojulikana. Mwili wako wewe, msomaji, sio ule uliobebwa mgongoni na mama yako. Umekua na kubadilika, na bado mama hakosei akikuita kwa jina lile lile. Ubao mpya haulifanyi jahazi kuwa la uongo. Liwezalo kulifanya hivyo ni nahodha atakayeapa kwamba hakuna ubao uliobadilishwa.

Tena, hata hiyo asili tunayoitukuza ina asili nyuma yake. Bantam haikubuniwa Birmingham. Mchoro wake ulitoka katika pikipiki ya Kijerumani, DKW RT 125, iliyoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Njia yake ya kupitisha hewa kwa pistoni isiyo na nundu juu ilitokana na kazi ya Adolf Schnürle, mhandisi wa Kijerumani, katika miaka ya 1920. Vita vilipokwisha mwaka 1945, washindi waliichukua michoro ile kuwa sehemu ya fidia. Waingereza wakaigeuza kama mtu ajionavyo kiooni, ili kanyagio la gia liwe upande wa kulia kwa desturi ya kwao. Wamarekani wa Harley-Davidson wakaunda ya kwao, na Warusi ya kwao. Huko Japani, Yamaha, waliokuwa wamezoea kuunda vinanda, wakaiga mfano huo huo katika pikipiki yao ya kwanza ya mwaka 1955. Hata kipimo cha silinda kati ya ile ya Wajerumani na ile ya Waingereza ni kimoja: upana wa milimita 52 na mwendo wa milimita 58. Haya yote nayasema ili uone kwamba kunakili si aibu peke yake. Aibu ni kukataa kutaja ulikotoa.

Sasa nafika kwenye jaribu. Kazi ilipokwisha, pikipiki ikawaka mara ya nne kuikanyaga, ikajaza kibanda moshi wa buluu, na kuku wakakimbia. Baada ya miezi miwili akapatikana mnunuzi, mpenda vitu vya kale, mtu mwungwana. Alitaja bei ambayo ingeezeka nyumba yote ya Nyanya, jikoni pamoja. Lakini alikuwa na sharti moja: injini iwe ile ile iliyotoka kiwandani pamoja na pikipiki. Akaniomba nimpelekee namba ya injini, alinganishe na ile iliyoandikwa katika kitabu cha zamani cha usajili.

Nikaenda kibandani na kitabu mkononi. Namba hazikulingana. Injini ile haikuwa ya kwanza.

Nilimweleza fundi jirani yangu. Akacheka, akasema, "Mwalimu, jambo dogo hilo. Tupa utafuta namba ile, na vyuma vya kugongea tarakimu ninavyo. Kwani chuma kinajua kusoma?"

Sitaki kujifanya mtakatifu mbele yako. Nililala usiku ule nikiwaza, na hoja za uongo zilinijia zimevaa nguo safi. Hoja ya kwanza ilisema: hakuna atakayeumia. Injini ni nzuri; sili ni mpya; mnunuzi atafurahi maisha yake yote, kwa kuwa hatajua. Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Ilisema: hutafuti faida yako, unamtafutia mjane paa.

Ya kwanza niliijibu bila taabu nyingi. Kubadili namba ya injini kwa hila ni kosa la sheria, na sheria hiyo ina maana yake, kwani namba ni ushahidi, na ushahidi ukiweza kugongwa kwa nyundo hakuna mali ya mtu iliyo salama. Na si kweli kwamba hakuna atakayeumia. Mtu yule hakuwa ananunua chuma peke yake. Alikuwa ananunua neno langu juu ya chuma kile. Kumpa chuma kizuri na neno bovu ni kumpa nusu ya alicholipia.

Hoja ya pili ilinisumbua hadi alfajiri, kwa sababu matone yalikuwa ya kweli na sufuria zilikuwa za kweli. Mwisho nikaijaribu kwa njia hii: je, mnunuzi naye, kama mama yake alikuwa na paa linalovuja, angekuwa na haki ya kunilipa kwa noti za bandia? Nikaona nisingekubali hata kidogo, wala huruma yangu kwa mama yake isingenifanya nizikubali. Basi nia njema haitoshi kuuhalalisha uongo kwa upande wangu, ikiwa haitoshi kwa upande wake.

Hata hivyo, nakiri kwamba asubuhi nilikwenda kwa Nyanya huku moyo wangu ukitumaini kidogo kwamba yeye, mwenye mali, ataniruhusu. Nikamweleza yote. Akasema nimpeleke kibandani. Akaitazama namba iliyogongwa ubavuni mwa injini kwa muda mrefu, ijapokuwa macho yake hayakuweza tena kusoma tarakimu ndogo kama zile.

Ndipo akanihadithia jambo ambalo hata baba yangu hakulijua. Mwaka mmoja babu alikuwa amelala na malaria, na kesho yake ilimpasa kupeleka karatasi za mitihani Voi. Nyanya, kwa kutaka kumpunguzia kazi, alijaza tangi usiku kutoka katika debe. Hakujua kwamba petroli huchanganywa na oili. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Babu akashuka salama na mabaki ya mafuta ya kwanza, lakini wakati wa kurudi, katika mlima wa kutoka Mwatate, pistoni ilikwama na fimbo yake ikavunjika. Akaiacha pikipiki kwa watu, akafika nyumbani kwa miguu usiku wa manane, na homa yake.

"Nilidhani atanigombeza," akasema Nyanya. "Akaniambia, kosa ni langu, sikukufundisha. Akauza ng'ombe mmoja, akanunua injini hii kwa mtu. Namba hiyo, mjukuu wangu, ni ya ng'ombe yule. Ukiifuta, ni nani atakayejua kwamba alinisamehe?"

Kisha akainuka, akasema, "Mvua nimeizoea."

Nilimwandikia mnunuzi ukweli wote. Tukaipeleka habari ya injini mahali pa usajili ili kitabu kisahihishwe, na kwa agizo la Nyanya nikaandika kisa kile katika karatasi, nikakiweka pamoja na kitabu. Mnunuzi alikisoma, akashukuru, akapunguza thuluthi ya bei. Ilikuwa haki yake. Mabati tuliyopata yaliezeka sebule na chumba cha kulala. Jikoni kuliendelea kuvuja mwaka mzima. Nalisema hili kwa makusudi, maana vitabu vingine huwadanganya vijana kwamba asemaye kweli hulipwa papo hapo. Mara nyingine hulipwa. Mara nyingine huchukua sufuria, akakinga matone.

Turudi sasa kwenye swali letu. Mpaka baina ya kutengeneza na kudanganya uko wapi? Haupo kati ya kuonyesha na kuficha, kwa maana rangi hufunika chuma na haisemi uongo, na sili hufichwa ndani kwa kuwa ndipo mahali pake. Haupo pia kati ya kipya na cha kale. Naona mpaka huo hupimwa kwa swali moja ambalo kila mtu aweza kujiuliza akiwa na chombo mkononi: je, ningelifanya jambo hili hivi hivi kama yule atakayelitegemea angekuwa amesimama karibu nami, akitazama? Nilipotia sili mpya, ningefurahi mnunuzi awepo. Nilipopaka rangi, nisingejali awepo au asiwepo. Lakini tupa ile na tarakimu zile zingehitaji mlango wa kibanda ufungwe. Mlango unaohitaji kufungwa ndio mpaka.

Nawe msomaji, huenda usiguse injini ya mapigo mawili maisha yako yote. Lakini utajitengeneza nafsi yako, na kazi hiyo haina likizo. Utaondoa tabia moja na kutia nyingine. Utaacha ujinga huu na kuchukua elimu ile. Miaka mingi ipitapo rafiki zako wa utoto watakuona mtu mwingine, nawe utakuwa yule yule. Hilo ni jema, na hakuna akulaumuye. Siku moja pia utakaa katika chumba cha mtihani, na mtu atakunong'oneza jibu ambalo si lako. Atakuambia, kama fundi yule, kwamba karatasi haijui kusoma. Ataongeza kwamba wazazi wako wameuza mali ili usome, na hilo litakuwa kweli, nalo ndilo litakalokuuma. Kumbuka basi kwamba alama utakayogongewa kwa jibu lile ni namba ya injini isiyo yako, na kwamba daktari, mhandisi au mwalimu atakayetoka humo atapelekwa mlimani siku ya jua kali, na watu wamepanda nyuma yake.

Ukishindwa, andika namba yako ya kweli. Huenda nyuma ya kushindwa huko iko habari ya mtu aliyesamehewa, au ya mtu aliyejifunza kuchanganya oili na petroli kwa gharama kubwa; na habari ya namna hiyo ina thamani ambayo tupa haiwezi kuileta.